Gauni Lililokua Kila Noeli

Vijana wangu, mwaka nilioacha kushona nililala usingizi wa kweli mwezi wa kumi na mbili kwa mara ya kwanza tangu nije kwenye kambi hii ya Nakivale. Hamwezi kujua utamu wake. Watu waliokuwa wakipita mbele ya kibaraza changu tangu Pasaka bila hata kunitazama, ikifika Desemba walikumbuka ghafla kwamba mimi ni dada yao katika Bwana, na kwamba watoto wao wote hawana nguo ya Noeli. Sasa macho yamechoka, cherehani nimemwachia binti yangu Riziki, na wakija kupiga kelele wanampigia yeye. Mimi niko ndani, nakunywa chai.

Mmeniomba niwaeleze kazi hii ilivyokuwa, ninyi mnaojifunza kushona kwa Riziki, pamoja na wale wanaokuja kwa ajili ya chai tu, ambao nawajua. Nitawaeleza. Ila msitegemee niseme zamani ilikuwa nzuri. Zamani tulikuwa na njaa, na mtu akikuambia njaa ile ilikuwa na raha yake, mchunguze vizuri, huenda yeye alikuwa anakula.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Byamungu. Alipokimbia vita mwaka 1996 alibeba kichwa cha cherehani kutoka Kivu hadi hapa, kupitia Tanzania, amekifunga ndani ya blanketi la mtoto mchanga. Njiani akina mama walimwonea huruma, baba wa watu na mtoto mgongoni, wakawa wanamuuliza mbona halii. Akajibu kwamba amelala. Mmoja akampa uji wa mtoto, na yeye akaunywa mwenyewe. Alipofika mpakani Kikagate, kuingia Uganda, askari alitaka kumwona huyo mtoto asiyelia, na blanketi lilipofunguliwa akakutana na chuma. Byamungu alisema yule askari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akavua shati lake na kuomba ashonewe kifungo.

Cherehani hiyo aliitengenezea meza na pedali hapa kijijini Kashojwa, na mimi nikawa wa kwanza kukaa upande wa pili kujifunza. Alikuwa mkali. Ukikata kitambaa kabla ya kukipima mara ya pili anakunyang'anya mkasi na kukupa ufagio. Lakini somo lake kubwa halikuwa la mkasi, lilikuwa la pindo.

Kwetu sisi zawadi ya Noeli ilikuwa nguo, na ilikuwa moja. Mtoto aliivaa kwanza kanisani siku ya Noeli, na baada ya hapo ikawa ya Jumapili mwaka mzima. Mwaka uliofuata baba anaweza kuwa na kitu au asiwe nacho, mihogo inaweza kukubali au ikakataa. Kwa hiyo Byamungu alinikataza kushonea mtoto nguo ya leo. Chini tuliacha pindo pana na kulikunja ndani, ubavuni tukaacha mshono wenye nafasi. Noeli ya pili ikikuta mfuko mtupu, mama anarudi na gauni lile lile, tunafumua pindo na kulishusha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hamlijui, kwa kuwa nguo zenu zinatoka dukani na kufa kabla hamjakua. Kitambaa kilichokaa ndani ya pindo hakijaonwa na jua. Ukikishusha, kinatokeza mstari unaong'aa kuliko nguo yote. Ningedhani watoto wangeuonea aibu, maana unamtangazia kila mtu kwamba nguo si mpya. Wapi! Waliringa nao. Baada ya ibada walisimama nje ya kanisa kulinganisha mistari, na mwenye mstari mpana ndiye aliyekuwa amekua kuliko wenzake. Kulikuwa na mvulana mmoja, jina nimelisahau, aliyeletwa na mama yake akapimwa, na ikaonekana mwaka mzima hakuongezeka hata kidogo. Akalia mpaka kamasi. Byamungu alimtazama, akachukua suruali yake, akaishusha kidole kimoja. Mtoto alitembea Noeli nzima anafagia vumbi kwa suruali yake, na hapakuwa na tajiri kama yeye katika Kashojwa.

Urefu hauna matatizo, niliambiwa, kinachomshinda fundi ni kwapa. Mtoto akinenepa kifuani, utaachia ubavu, lakini kwapa likibana hutapata pa kuachia. Ufumue mkono mzima, uweke kiraka cha pembe nne pale chini, ukikate mshazari ili kivutike. Riziki anawafundisha hilo? Kama hawafundishi mniambie.

Noeli yetu ya pili hapa, ndipo alipokuja Faida. Alikuwa jirani yangu, mwanamke mrefu kama wote wa kwao, analima maharage na kuuza kidogo kidogo sokoni. Alikuja na kipande cha kitambaa cha buluu, akataka gauni la msichana. Byamungu akachukua futi yake shingoni, akamuuliza mtoto yuko wapi apimwe.

Mimi nilijua na nikatamani ardhi inimeze. Risasi zilipoanza Uvira, binti yake Sifa alikuwa ametumwa mlimani kwa bibi yake, kwa koko, kama tunavyosema sisi. Watu walikimbia kila mmoja na upande wake. Faida alijikuta ndani ya mtumbwi bila mtoto, na tangu siku ile njia ya kurudi haikufunguka. Hakujua kama mtoto yuko hai.

Faida akamjibu mzee kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya maharage: "Mutoto iko kwa koko wake. Siku atakuja, asikute miye sina kado yake." Kado ni zawadi.

Byamungu akarudisha futi shingoni, akamwomba aonyeshe mtoto anamfika wapi. Faida akaweka mkono nyongani mwake. Alikuwa anafika hapa, alisema, halafu akaupandisha mkono kidogo, kwa sababu mwaka ulikuwa umepita. Tukapima kutoka kwenye mkono ule mpaka chini. Gauni likashonwa na pindo pana kuliko yote niliyowahi kuona, nikaliulizia, na mzee akanikemea nipige pasi.

Basi kila Noeli Faida alirudi. Hakuwa na mtoto wa kuvalisha wala mstari wa kuringia nje ya kanisa. Alilileta gauni limekunjwa, anasimama mbele yetu, anaonyesha kwa mkono: mwaka huu atakuwa hapa kiunoni. Mwaka mwingine, hapa chini ya ziwa. Sisi tunashusha pindo, tunaachia ubavu, tunapiga pasi, anarudi nalo nyumbani na kuliweka. Kuna watu walisema anajitesa. Kuna mchungaji alinishauri nimkatalie, ili apone. Nikamwambia mchungaji kwamba mimi ni fundi, mtu akiniletea pindo nashusha.

Byamungu alipofariki cherehani ilibaki kwangu, na Faida akabaki kwangu pia. Ikafika Noeli ambayo nilifumua gauni lile nikakuta hakuna kitu ndani tena. Kitambaa kilikuwa kimeishia kwenye ncha yake. Nilimwonyesha, kwa sababu kazi hii haina maficho. Akakishika kile kitambaa, akakigeuza huku na huku.

"Pindo imekwisha," akasema. "Basi."

Niliogopa ile basi yake. Aliitamka kama mtu anayeweka mzigo chini na hataki kuuinua tena, na mimi nilimjua, niliona kwamba haongelei kitambaa. Nikamwambia akae, na asiniharakishe. Chini ya meza nilikuwa na gunia la vipande, mabaki ya nguo zote nilizoshona mwezi ule. Nikatoa kimoja cha njano, cha gauni la mtoto wa jirani, nikakata ukanda mrefu, nikauunga chini ya gauni la buluu. Nilipomaliza lilikuwa refu kuliko alivyoomba. Akaliweka mbele ya mwili wake, akatazama, akasema njano inampendeza Sifa.

Tangu hapo kila Noeli gauni liliongezwa chini ukanda wa mabaki ya mwaka ule, na vipande ubavuni ili lisibane. Ukitaka kujua watoto wa Kashojwa walivaa nini mwaka fulani, ungelisoma pale. Mwaka wa maua mekundu. Mwaka ule kila mtu alitaka kitenge cha kuku. Mwaka wa kijani kibaya, muuzaji mmoja aliposhusha marobota yake sokoni na hatukuwa na kingine, tukaonekana kanisani kama shamba la mihogo.

Halafu mambo yakabadilika, na siwezi kuwaambia siku. Ndugu zetu walianza kupelekwa Marekani na Kanada, wakaanza kutuma. Simu zikaingia. Nguo ya Noeli moja ikawa mbili, ya asubuhi na ya jioni, na viatu vyenye taa. Baba aliyekuwa akiniletea pindo sasa aliniletea marobota, familia nzima ishonewe kitambaa kimoja, hata mtoto wa kunyonya, hata bibi aliyelala kitandani. Wake wa askari wa kambi ya Makenke walinitumia picha kwenye simu, nguo za kubana magotini na kufunguka chini kama mkia wa samaki. Nilishona. Noeli moja mama mmoja, ambaye yuko hai na hatanisamehe nikimtaja, alisimama ibada nzima kuanzia wimbo wa kwanza mpaka baraka. Mchungaji akamsifu mbele ya wote kwa heshima yake kwa neno la Mungu. Ukweli ni kwamba gauni halikumruhusu kuketi.

Sisemi hayo kwa wivu, nilikula kutokana nayo. Lakini nilikuwa naona watoto. Bunduki ya plastiki ilikuwa imevunjika kabla pilau haijapoa. Nje ya kanisa hawakulinganisha kitu tena, kila mmoja aliangalia mkononi mwa mwenzake na kurudi kwa mama yake kulalamika.

Kwenye miaka hiyohiyo, kuelekea 2013, mwanamke mmoja mgeni alitoka Uvira, akaja kununua uzi kwangu. Tukaongea. Akataja mlima wa kwao. Nikamtaja koko wa Sifa, na yeye akaniuliza namjuaje, kwani ni jirani yao, mzee ila anatembea, anaishi na mjukuu wake ambaye ni mwalimu. Vijana, niliacha duka wazi. Nilikimbia na futi shingoni mpaka kwa Faida shambani, na nilipofika sikuweza kusema, ikabidi anipe maji.

Zikaja simu. Za kwanza zilikuwa ngumu, wanaulizana hali ya hewa kama wageni. Mwisho Sifa akakubali kuja kwa Noeli na kurudi baada ya Mwaka Mpya, kwa sababu ana darasa. Hakuahidi zaidi ya hapo. Faida akauza mbuzi wake wote, akanichukua twende Mbarara mjini.

Sijawahi kuchoka kama siku ile. Maduka yalikuwa yanapiga nyimbo za Noeli kwa nguvu hadi huwezi kusikia bei. Faida alinunua simu, mkoba, nywele za kubandika, viatu vya msichana mkubwa. Hapo nilimwelewa. Kisha akachukua viatu vya mtoto wa miaka mitano. Akachukua kofia ya sufu, begi la shule lenye picha ya paka, na mwanasesere mkubwa kama mtoto wa kweli, ukimbonyeza tumbo anapiga kelele.

"Nyabo, hii mutoto nalia kama mutu," muuzaji akamwambia. "Chukua. Mutoto yako nafurahi sana."

Nikamvuta Faida pembeni, nikamkumbusha Sifa ni mwalimu. Akaniambia anajua, lakini anamnunulia Noeli zote zilizopita, kila moja na kitu chake. Njiani kurudi, na mwanasesere analia kila gari likipiga shimo, akaniomba lile gauni, ambalo lilikuwa kwangu kwa ajili ya ukanda wa mwaka ule, nilikate matambara ya kupangusia mashine.

"Amesoma, huyu mutoto," alisema. "Akiona ile robo, atajua tuko bamaskini." Robo ni gauni.

Nilimwitikia kwa kichwa. Nilipofika nyumbani nikaunga ukanda wa mwaka ule, kitenge cha zambarau, nikalipiga pasi na kulifungia kwenye sanduku. Matambara ninayo mengi.

Sifa alifika siku moja kabla ya Noeli, mchana, na mfuko mmoja. Nilikuwepo. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, marehemu baba yake mtupu, jinsi Faida alivyokuwa akinisimulia. Alimsalimia mama yake kwa heshima zote, akamkabidhi kifurushi cha ndagala, dagaa wa kwetu, alichotumwa na koko, kwa kuwa koko alikumbuka Faida anazipenda. Kisha akakaa kwenye kiti, miguu imebanwa pamoja, na Faida akaanza kumletea zawadi. Moja baada ya nyingine. Sifa alisema aksanti kwa kila moja na kuiweka sakafuni. Ilipofika kwa mwanasesere, Faida mwenyewe akambonyeza ili amwonyeshe, na kile kilio kikajaa nyumba yote. Hakuna aliyecheka. Nilirudi kwangu nikiwa na moyo mzito, nikijua akiondoka hivi hatarudi.

Asubuhi ya Noeli Sifa alikuja kwangu peke yake, kuazima pasi. Wakati makaa yanashika moto alisimama mlangoni, akaniuliza bila kunitazama: "Mama, hivi vyote amenunua juzi. Na mbele ya juzi, miaka yote ile?"

Nilifungua sanduku nikamtandikia gauni mezani.

Aliuliza ni la nani. Nikamwambia ni lake. Akaona kipande cha juu cha buluu, kimepauka, na mstari wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, mpaka pale buluu ilipoishia na njano kuanza. Nikamweleza kila mmoja ni wa Noeli gani, na kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akisimama hapo alipo yeye, akionyesha kwa mkono. Alipitisha kidole juu ya mishono yote, taratibu, kama anayesoma. Kisha akalichukua na kutoka, na makaa akaniachia.

Nilimfuata, nani angebaki? Nilipofika mlangoni kwa Faida nilimkuta Sifa amelishika gauni mbele ya mama yake.

"Mama, hapa nilikuwa na miaka ngapi?"

Faida alinitazama mimi kwanza, na lile jicho nalikumbuka. Halafu akaona kwamba binti yake anasubiri jibu. Akaweka mkono nyongani mwake. Ulikuwa hapa, akasema. Akaupandisha kiunoni. Kisha kifuani, kisha begani, na kila mahali alisema mwaka, na sauti yake ikawa inapungua mpaka ikaisha, na mkono ukabaki juu karibu na sikio, kwa sababu miaka ya mwisho alimdhania mrefu kama yeye na ndugu zake.

Sifa akasogea, akasimama chini ya ule mkono. Hakuufikia. Kulikuwa na nafasi kubwa kati ya kichwa chake na kiganja cha mama yake. Faida aliushusha polepole mpaka ukagusa nywele, na ndipo wote wawili walipolia, na mimi pia, sikatai.

Ibada ilikuwa karibu. Sifa akasema atavaa gauni lake. Kwapani likambana, hilo nililijua, nikafumua na kuweka kiraka pale pale. Lakini chini liliburuta hatua nzima. Alijaribu kutembea, akajikanyaga, akamwangukia Faida, na Faida akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake miaka yote ile, akicheka na kujipangusa kwa kiganja.

Nilipiga magoti na pini mdomoni. Gauni lile nililishusha na kuliongeza miaka mingi juu ya meza, na sikuwahi kulipandisha. Nikauliza niupunguze kwa mkasi ule ukanda wa zambarau na wa kabla yake. Faida akakataa, niuache ndani, uwe pindo. Akainama kunishikia kitambaa kisiteleze, na kitambaa hakikutulia, kwa sababu mara hii kulikuwa na mtu ndani, na mtu huyo alikuwa anatuambia tufanye haraka, tutachelewa kanisa.